Mshindi aliyezidi: uchambuzi wa kisa cha tuhuma za dawa kwenye mbio za baiskeli mkoani Mtwara

Majina ya watu na vilabu, mwaka, umbali kamili na kijiji cha kumalizia vimeondolewa. Wahusika wanatajwa kwa nafasi zao: Mshindi, Mjomba, Mwenyekiti, Katibu, Kocha na Mfadhili. Niliingia kwenye suala hili siku chache baada ya mbio, Katibu aliponiomba nisaidie kusoma karatasi za muda na kanuni za dawa michezoni. Ninayoyaeleza yametokana na mihtasari ya vikao, karatasi hizo, na mazungumzo na waliokubali kuzungumza. Nimewaandikia wanaoandaa mbio ndogo, kamati zisizo na daktari wala mwanasheria, ambazo siku moja zitaletewa barua kwamba mshindi wao ametumia dawa za kusisimua misuli.

## Usuli

Mbio ni za siku moja. Zinaanzia Mtwara mjini, zinapita Mikindani, kisha zinafuata lami inayoelekea upande wa Lindi kwa mwendo wa kilomita sitini na kitu. Haziko kwenye kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Baiskeli (UCI) na washiriki wengi hawana leseni ya aina yoyote. Wachache wana baiskeli za resi za mitumba. Waliobaki hupanda baiskeli za kawaida walizozivua madigadi, keria na stendi ili zipungue uzito.

Mshindi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mchuuzi wa samaki. Alfajiri hununua dikoni, hufunga tenga kwenye keria, hupandisha vijiji vya bara, na jioni hurudi na tenga tupu. Hana klabu. Anayemsimamia ni kaka wa mama yake, kama ilivyo kwa wengi huku kusini, na ndiye aliyemnunulia baiskeli ya resi miezi michache kabla ya mbio. Mwaka uliotangulia alishindana na baiskeli ileile ya samaki, akamaliza wa tisa, kama dakika nane nyuma ya aliyeshinda.

Kuna mambo mawili ambayo wakati ule hakuna aliyeyatilia maanani. La kwanza: mbio zilizoea kufanyika Januari, lakini mwaka huo zilisogezwa hadi Agosti kwa sababu Mfadhili, mfanyabiashara wa korosho, alitaka jina lake lisikike kabla minada ya msimu haijaanza Oktoba. Anayelipa huchagua tarehe, sina ugomvi na hilo. La pili: fomu ya ushiriki, ukurasa mmoja tu, ilikuwa na sentensi moja kuhusu dawa: "Mshiriki atakayebainika kutumia dawa za kulevya ataondolewa."

## Jinsi mambo yalivyokwenda

Kundi la mbele lilikuwa na watu kumi na wawili lilipoiacha bahari na kuanza mwinuko wa kwanza wa maana. Mshindi alisimama kwenye pedeli, akachomoka, akakaa tena kwenye siti bila kugeuka nyuma. Karani wa muda aliyekuwa juu ya mwinuko aliandika pengo la sekunde 50. Kituo cha pili kiliandika dakika 2 na sekunde 10. Kwenye utepe pengo lilikuwa dakika 6 na sekunde 40, na muda wake uliipita rekodi ya njia hiyo kwa dakika tisa.

Alipofika aliegesha baiskeli, akaomba dafu, akakaa chini ya mkorosho akitaniana na watoto. Aliyemfuata alipofika alilala chini akatapika. Mtu mmoja aliwapiga picha wote wawili kwa simu na kuziweka picha hizo ubavu kwa ubavu kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa baiskeli. Haikuhitaji maelezo.

Kabla ya magharibi Kocha, ambaye klabu yake ilikuwa imezoea kutoa washindi, alituma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza. "Jamani, tusidanganyane. Yule kachomwa. Mtu hapandi vile, baiskeli inakwenda kama inavutwa na kamba." Mwingine akajibu kwa picha ya Lance Armstrong, bingwa wa baiskeli aliyevuliwa mataji kwa sababu ya dawa. Asubuhi yake ikaingia picha ya bomba la sindano na kichupa kwenye majani, ikielezwa kwamba ni karibu na mahali pa kuanzia. Nani alipiga, saa ngapi, hapakuwa na jibu. Kila aliyeulizwa alisema naye ametumiwa tu.

Uvumi ulikuwa na tawi la pili, la mganga. Kamati haikuligusa, na nadhani huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote waliyoyafanya mwezi ule, maana tuhuma za namna hiyo zikiingia kwenye muhtasari wa kikao zinamfuata mtu mpaka nyumbani kwa mama yake.

Siku ya tatu barua ikafika, imesainiwa na vilabu vitatu. Wanataka pikipiki ya zawadi izuiwe, Mshindi apelekwe hospitali kupimwa mkojo na damu, na akikutwa na kosa afungiwe maisha. Jioni hiyo Mfadhili akampigia Mwenyekiti: "Mzee wangu, mimi sitaki pikipiki yangu ipigwe picha na mtu wa sindano."

## Kilichoamuliwa, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kushikilia zawadi kwa siku 14 na kutangaza kwamba matokeo ni ya awali. Mshindi alipelekewa barua kwa mkono, yenye sababu, kabla ya tangazo kutoka. Katibu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alisisitiza utaratibu huo dhidi ya wajumbe waliotaka kuandika kundini mara moja. Tangazo lenyewe halikutaja dawa. Lilisema kuna malalamiko yanayofanyiwa kazi, basi.

Kuhusu vipimo palikuwa na ubishi mrefu. Wajumbe wengi walitaka Mshindi apelekwe hospitali ili "tumalize". Hoja zilizowazuia zinafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu kila kamati itakutana na kishawishi hicho.

Sampuli ya mkojo kwa ajili ya dawa michezoni huchukuliwa mbele ya ofisa aliyefunzwa, kwa kiasi kisichopungua mililita 90. Hugawanywa kwenye chupa mbili, A na B, hufungwa kwa lakiri zenye namba, na kila mkono unaozipokea hadi maabara huandikwa. Maabara yenyewe lazima iwe imeidhinishwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo. Kwa upande wetu wa bara, inayojulikana iko Bloemfontein, Afrika Kusini. Mkojo uliochukuliwa siku ya nne, kwenye kopo la plastiki, ukapelekwa kwenye maabara inayotafuta maambukizi ya njia ya mkojo (U.T.I.), usingemtia mtu hatiani wala kumsafisha. Na majibu yakitoka safi, Kocha angesema wamechelewa, na hapo angekuwa na haki.

Damu ilileta ubishi mkali zaidi. Mjumbe mmoja aliyewahi kufanya kazi hospitali alikumbuka kwamba mwaka 1997 UCI iliweka kikomo: mwanamume ambaye chembe nyekundu zinazidi asilimia 50 ya damu yake haruhusiwi kuanza mbio. Hospitali yoyote ya wilaya inaweza kupima hilo kwa dakika chache. Alichokisema ni kweli, ila kikomo kile kiliwekwa kama tahadhari ya afya katika miaka ambayo EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, ilikuwa imeenea na kipimo chake hakijapatikana. Kipimo cha EPO kwenye mkojo kilikuja kuanza kutumika mwaka 2000. Mwendeshaji Marco Pantani alipotolewa kwenye Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, mwaka 1999 akiongoza, kwa asilimia 52, alizuiwa kuendelea kwa sababu ya afya. Kipimo kile hakikuthibitisha kwamba ametumia kitu. Namba moja ya damu haisemi mengi. Mtu aliyekaukiwa maji kwenye jua la Mtwara namba yake hupanda. Aliyetoka kuugua malaria, au mwenye minyoo, hushuka. Ndiyo maana tangu 2008 UCI inatumia pasipoti ya kibiolojia, ambapo damu ya mtu mmoja hulinganishwa na damu yake mwenyewe ya miezi na miaka iliyopita. Kamati haikuwa na hata tone la zamani la kulinganishia. Kura ikapigwa, vipimo vikakataliwa kwa tofauti ya kura moja.

Badala yake waliamua kufanya vitu vitatu walivyovimudu: kuifungua baiskeli hadharani, kuzisoma karatasi za muda za vituo vyote, na kuzungumza na Mshindi.

Wengine walicheka kusikia habari ya kufungua baiskeli. Lakini mwaka 2016, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni huko Ubelgiji, baiskeli iliyoandaliwa kwa ajili ya Femke Van den Driessche ilikutwa na mota iliyofichwa ndani ya fremu, akafungiwa miaka sita. Hapa kwetu fundi wa mtaani alifanya ukaguzi kwa nusu saa mbele ya wawakilishi wa vilabu vyote. Akatoa siti, akachungulia bomba la fremu kwa tochi, akafungua kitovu cha tairi la nyuma. Hakukuwa na waya wala betri. Alichokiona ni tairi nyembamba zilizojazwa upepo hadi kugonga kama jiwe, cheni mpya, na gia ya nyuma ndogo kuliko za wenzake wengi. Mwakilishi wa klabu ya Kocha alisaini karatasi ya ukaguzi bila neno.

## Mahojiano

Mshindi alikuja na Mjomba. Walisalimiana na wazee kwa shikamoo na marahaba, wakaulizana habari za nyumbani, na Mwenyekiti akaanza na jambo ambalo nalipongeza: alimsomea kijana barua yote ya malalamiko, neno kwa neno, bila kumtaja aliyeiandika. Kisha akauliza, "Mwanangu, wiki ile ya mbio ulimeza au kuchomwa dawa yoyote?"

Kijana akamtazama mjomba wake.

"Sema," Mjomba akamwambia. "Hatukuja hapa kuficha kitu."

Akatoa mfukoni kibahasha cha dawa kilichokunjwa mara mbili. Juu yake, kwa kalamu ya bluu: *deksa, sindano 1, diklo, 1x2.* Goti lilikuwa limevimba tangu katikati ya wiki kwa kubeba mzigo. Ijumaa jioni alikwenda duka la dawa, akachomwa sindano moja ya makalio na kupewa vidonge. Jumamosi goti likawa limetulia. Jumapili akashindana. Alisimulia kama anavyosimulia mtu yeyote aliyekwenda kununua dawa ya maumivu, na hilo ndilo lililowanyamazisha wajumbe.

Diklofenaki haimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku. Deksamethasoni imo, ikiwa kwenye kundi la steroidi za aina ya kotisoni, na tangu 1 Januari 2022 WADA imezuia njia zote za kuzichoma kwa sindano wakati wa mashindano. Wakati huo wa mashindano huhesabiwa kuanzia saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Yeye alichomwa mapema zaidi, lakini dawa haitoki mwilini kwa kutazama saa. Kwa deksamethasoni iliyochomwa kwenye msuli mwongozo unashauri kuacha siku tano. Yeye aliacha chini ya mbili. Mkojo wake wa Jumapili, kama ungechukuliwa kwa taratibu zote, ungeweza kabisa kutoa jibu baya.

Niliulizwa na Mwenyekiti kama sindano hiyo ndiyo iliyompa dakika sita. Nilimjibu kwamba ilimpa goti lisilouma, na huenda ikampa hamu ya chakula na wepesi wa moyo, maana dawa hizi zinajulikana kwa hilo. Kumtoa mtu kwenye nafasi ya tisa hadi kushinda kwa pengo lile ni kazi kubwa kuliko sindano moja ya Ijumaa.

## Matokeo

Kamati ilikuwa imejiandaa kwa majibu mawili, kachomwa au hakuchomwa, na sasa ilikuwa na jibu ambalo halikuingia popote. Dawa ilikuwepo, imekiriwa kwa hiari, na kwenye mbio zenye leseni ingekuwa kosa hata kama mtu hakukusudia, kwa kuwa kanuni ya dunia inamwajibisha mwanamichezo kwa kila kinachokutwa mwilini mwake. Lakini fomu aliyoisaini ilikataza dawa za kulevya, basi. Haikutaja orodha ya WADA, haikutaja Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA) wala kanuni za UCI.

Siku ya 14 walitangaza kwamba ushindi unabaki, hakuna kanuni ya mbio iliyovunjwa, na kanuni zitaandikwa upya. Pikipiki ilikabidhiwa ofisini bila sherehe. Mshindi alipewa barua ya kumweleza kwamba sindano ile ingemfungia milango kwenye mbio za ngazi ya juu, na kwamba akiugua tena amwambie daktari kuwa yeye ni mwanamichezo. Habari za goti na sindano zilikubaliwa kuwa siri ya kikao.

Hazikukaa wiki. Mjumbe mmoja alimweleza ndugu yake, na kundi likapata kile lilichokuwa likikingoja: "Kumbe kweli alichomwa!" Mfadhili hakurudi mwaka uliofuata. Kocha alitangaza kwamba vijana wake hawatashiriki tena, ingawa walishiriki.

Mshindi alichangiwa nauli akaenda kushindana Kanda ya Ziwa, ambako baiskeli ni mchezo wenye mizizi na vijana wengi hushindana tangu wadogo. Aliachwa mapema na kundi la mbele, akamaliza katikati ya orodha. Waliomshuku wakaandika, "Si mnaona? Bila sindano si kitu."

## Uchambuzi: dakika sita zilitoka wapi

Karatasi za muda zilikuwa na majibu mengi kuliko kikao chochote, na zilikaa kwenye mkoba wa karani siku tatu nzima watu wakitukanana.

Kwanza, upepo. Januari huku huvuma kaskazi, na anayetoka Mtwara kuelekea upande wa Lindi hupigwa nao mbele na kwa ubavu, juu yake joto. Agosti ni kusi, upepo unakuja mgongoni, na hewa ni ya ubaridi kidogo. Nililinganisha muda wa kila aliyeshiriki mbio zote mbili: karibu wote walipunguza, kwa wastani wa dakika tisa. Hata wa pili, yule aliyetapika, aliipita rekodi ya zamani kwa zaidi ya dakika mbili, na hakuna aliyemtilia shaka. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya Januari. Ukiondoa upepo, Mshindi aliwazidi wenzake maendeleo kwa dakika kama nane, na mwaka uliopita alikuwa juu ya baiskeli ya tenga la samaki.

Pili, namna pengo lilivyokua. Nguvu za miguu zilionekana kwenye mwinuko, na pale alipata sekunde 50. Dakika nne na nusu kati ya sita na ushei zilipatikana baada ya kituo cha pili, kwenye barabara iliyonyooka. Wafukuzaji walikuwa wa vilabu vitatu, na kila klabu ilingoja nyingine ivute. Kundi la nyuma yao, la watu wa kawaida tu, liliendesha kipande hichohicho cha mwisho kwa dakika tatu pungufu ya wafukuzaji, likakaribia kuwakamata. Wangefukuza walau kwa mwendo wa wale waliokuwa dhaifu kuliko wao, pengo lingeshuka chini ya dakika nne. Tena upepo ukiwa mgongoni, faida ya kujikinga nyuma ya mwenzako hupungua, kwa hiyo aliyeko peke yake haumii kama anavyoumia siku ya upepo wa mbele. Mmoja wa wafukuzaji aliniambia bila kuficha: "Tulikuwa tunagombania nafasi ya pili."

Hayo yote hayathibitishi kwamba Mshindi hakutumia kitu. Yanaonyesha tu kwamba pengo lenyewe, ambalo ndilo lilikuwa ushahidi pekee wa barua ile, lina maelezo mengine ya kutosha. Mabingwa wa Ulaya wanashukiwa kwa hoja hiyohiyo. Mwaka 2024 Tadej Pogačar alishinda Giro kwa karibu dakika kumi, akashinda Tour de France kwa zaidi ya sita, kisha ubingwa wa dunia kwa kuchomoka zikiwa zimebaki kilomita 100 hivi. Kwenye mlima wa Plateau de Beille, ndani ya Tour hiyo, aliupita muda wa Pantani wa 1998 kwa zaidi ya dakika tatu. Jonas Vingegaard, aliyeshindwa siku hiyo, naye aliupita. Mwenye kushuku husema: basi wote wanatumia. Asiyeshuku husema: tairi, fremu, na chakula vimebadilika, siku hizi waendeshaji hula hadi gramu 120 za wanga kwa saa moja wakiwa juu ya baiskeli. Saa inawakubalia wote wawili. Pogačar hajawahi kukutwa na dawa, na muda wa kupanda mlima, hata uwe wa ajabu kiasi gani, si sampuli.

## Uchambuzi: kushuku hakukuwa upumbavu

Ni rahisi kumfanya Kocha kuwa mbaya wa kisa hiki. Sikubaliani. Mchezo huu wenyewe ndio uliowafundisha watu kushuku. Mwaka 1998 gari la timu ya Festina lilikamatwa mpakani likiwa limesheheni EPO na dawa nyingine siku chache kabla ya Tour. Bjarne Riis, mshindi wa 1996, alikiri mwaka 2007. Armstrong alishinda mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005, huku akijivunia vipimo, kisha mwaka 2012 akavuliwa mataji yote. Mtu anayeyajua haya akiona wa tisa anakuwa wa kwanza kwa dakika sita, akauliza, ameuliza swali halali. Alichokosea Kocha ni kulitangaza jibu kabla ya jua kuzama.

Na kuna somo kwenye kesi ya Armstrong ambalo kamati ililifuata bila kujua. Kilichomwangusha zaidi kilikuwa maneno ya watu 26 walioapa, wakiwemo waendeshaji 15, pamoja na malipo na barua pepe. Vipimo havikuwa vimemwangusha miaka yote. Hapa pia, maabara isingepata kile ambacho swali moja la heshima, mbele ya Mjomba, lilikipata kwa dakika kumi. Kama Mshindi angeitwa peke yake, au angeanza kwa kutishwa polisi, kibahasha kile kingebaki mfukoni.

Upande wa pili, waliomtetea nao walikuwa na ushahidi wao mbovu. Walisema mtu anayepandisha tenga la samaki kila siku lazima awe na miguu ya chuma. Ni simulizi tamu, na huenda ina ukweli, ila Armstrong naye alikuwa na simulizi tamu ya kupona saratani, na ilimkinga miaka mingi.

## Uchambuzi: deksa

Hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi, na ndipo ambapo hakuna upande uliotaka kutazama. Watu walikuwa wanatafuta EPO, mota na mganga. Kilichopatikana ni sindano inayouzwa kila mtaa.

Steroidi hizi zina historia ndefu kwenye baiskeli. Mwaka 1999 Armstrong alikutwa na mabaki yake kwenye Tour ya kwanza aliyoshinda, na suala likazimwa kwa cheti cha daktari kilichorudishwa tarehe nyuma, kikisema ni mafuta ya vidonda vya kukalia siti. Bradley Wiggins, mshindi wa 2012, alichomwa triamsinoloni, steroidi ya kundi hilohilo, kabla ya mbio kubwa za 2011, 2012 na 2013 akiwa na kibali halali cha matibabu. Habari ilipovuja mwaka 2016 ilizua mjadala mkubwa Uingereza, hadi kamati ya bunge ikaandika ripoti mwaka 2018. Kwa hiyo kosa la Mshindi si la kishamba. Mabingwa wa Tour wamepita palepale, wakiwa na madaktari na makaratasi.

Hatari ya karibu, lakini, ni ya kiafya. Goti lililovimba lilikuwa linamwambia apumzike. Sindano ikalinyamazisha, akalisukuma kilomita sitini na kitu kwa nguvu zake zote, na Jumatatu akarudi kwenye tenga. Kamati ilitumia wiki mbili kujadili pikipiki. Kwenye mihtasari yote niliyosoma, swali la hali ya goti halimo.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kushikilia zawadi kwa muda uliotajwa kulifanya kazi. Kungekuwa hakuna tarehe, shauri lingeoza. Kukataa vipimo vya bandia kulifanya kazi, ingawa kulionekana kama kuogopa. Ukaguzi wa baiskeli ulizima tawi moja la uvumi moja kwa moja kwa sababu ulifanyika machoni pa walalamikaji wenyewe.

Usiri ulishindwa, na ulistahili kushindwa kwa namna ulivyopangwa: watu tisa walikaa kwenye mahojiano ambayo yalihitaji watatu. Tangazo la mwisho nalo lilikuwa fupi mno. Lilisema hakuna kanuni iliyovunjwa, halikueleza chochote kuhusu upepo, wafukuzaji na karatasi za muda, vitu ambavyo havikuwa siri ya mtu na ambavyo vingewapa watu kitu cha kubishania chenye namba. Mahali hapo patupu pakajazwa na sindano.

Sina hakika kama tangazo refu lingembadilisha Kocha. Ushindi mkubwa ulikuwa ushahidi kwamba kachomwa, na kushindwa kwake Kanda ya Ziwa kukawa ushahidi huohuo. Nilipomwuliza ni tokeo gani lingemwonyesha kwamba kijana ni safi, alifikiri kidogo, akacheka, akasema, "Labda ashindwe na vijana wangu."

Fomu mpya ina kurasa mbili. Inataja orodha ya WADA, inaipa kamati haki ya kumwita ofisa wa vipimo kupitia CHABATA, na ina nafasi ya mshiriki kuandika kila dawa aliyoitumia ndani ya siku saba, sindano, kidonge au ya kienyeji. Ilipotumika mara ya kwanza wengi waliacha nafasi hiyo wazi. Kati ya walioijaza, wawili waliandika deksa, na wote wawili walikuwa wa klabu ya Kocha. Katibu amezifungia fomu hizo kabatini. Kamati haijakaa kuzijadili.